Prodyuza ananitaka peke yangu, na mdogo wangu hajui

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, mkazi wa Mbeya mjini, na ninaomba jina langu lisiandikwe kwa sababu watu wa huku wakiliona watajua mara moja ninamzungumzia nani. Ninaimba katika kundi la watu wawili pamoja na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye tumelelewa nyumba moja tangu mama yake alipohamia Kyela kwa biashara ya mchele. Tulianzia kwenye kwaya ya vijana ya kanisa la Moravian, mimi sauti ya kwanza na yeye sauti ya pili, na mwalimu wetu wa kwaya ndiye aliyegundua kwamba tukisimama karibu sauti zetu zinashikana kiasi kwamba anayesikiliza hajui nani anaimba nini. Tulipomaliza sekondari tukaanza kuimba nyimbo zetu wenyewe, muziki wa soul na pop kwa Kiswahili, yeye akipiga gitaa na mimi nikitunga maneno.

Siwezi kusema tumefanikiwa kama wasanii wa Dar es Salaam, ila huku tunajulikana. Tunaitwa kwenye harusi na sendofu kuanzia Tunduma hadi Makambako, tumepiga kwenye hoteli kadhaa za hapa mjini, na redio za huku zinacheza nyimbo zetu. Vyombo tunavyotumia, yaani spika, kinanda na jenereta, tulivinunua kwa fedha ambazo mdogo wangu alizipata alipouza ng'ombe wake wa maziwa aliyepewa na bibi yetu wa Tukuyu. Hajawahi kunidai hata siku moja, na hatujawahi kuandikishana chochote. Malipo ya shoo yanaingia kwenye simu yangu, tunatoa nauli na mafuta ya jenereta, kinachobaki tunagawana nusu kwa nusu.

Mwezi uliopita prodyuza mmoja wa Dar es Salaam alinipigia simu. Alikuwa ameusikia wimbo wetu mmoja, akasema sauti kama yangu ameitafuta kwa muda mrefu. Anataka nihamie huko anirekodie albamu nzima, anipangishie chumba na kunilipia video. Nilipomuuliza kuhusu mdogo wangu alijibu bila kusita kwamba makundi ya wawili hayauziki siku hizi, kwamba sauti ya pili nitaiimba mwenyewe studio, na kwamba ni vizuri nisimwambie mtu yeyote mpaka mambo yaive. Ameniomba niende na nyimbo zote nilizotunga, zikiwemo hizi tunazoimba pamoja, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Sitaki kukudanganya, Shangazi: ninataka kwenda. Nimechoka kuimba huku watu wanakula. Isitoshe, tangu mdogo wangu ajifungue ameacha kuja mazoezini kama zamani, shoo za usiku za Tunduma anazikataa kwa sababu ya mtoto, na siku moja tulipokuwa tunafunga vyombo alisema huku akicheka, "Dada, wewe nenda tu, mimi nitalea." Nimeyashika maneno hayo kama ruhusa, lakini kila nikikutana naye ninashindwa hata kumtazama usoni.

Roho inanisuta. Je, nyimbo nilizotunga mimi ni zangu kiasi cha kuweza kuondoka nazo? Jina la kundi litabaki kwa nani? Nikienda, nitakuwa nimemsaliti mtu aliyeuza ng'ombe wake kwa ajili yetu? Na nikibaki, nitaishi naye bila kumlaumu moyoni? Mama mdogo ananiamini kuliko anavyowaamini wanawe wa kiume. Nimebaki njia panda, na siwezi kumwambia mtu wa nyumbani.

Mwimbaji wa Mbeya

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukaa na jambo hili peke yako mwezi mzima, na hongera kwa kulieleza bila kujipendelea. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umeniuliza mambo matatu ambayo kwako yamejisokota yakawa moja. La kwanza ni hamu yako ya kwenda mbali zaidi kimuziki. La pili ni mali: nyimbo, jina na vyombo. La tatu ni undugu wako na mdogo wako na mama yake. Lipo pia la nne ambalo hukuuliza, nalo ni ukimya wako, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalokunyima usingizi kuliko hayo matatu.

Nianze na hamu. Kutaka kwenda si usaliti. Mwimbaji anayejua kwamba ana nyimbo ndani yake, na ambaye kila Jumamosi anaziimba mbele ya watu wanaopokezana sahani, ana haki ya kutamani ukumbi ambao watu wamekuja kumsikiliza. Usijiadhibu kwa hilo. Hata mdogo wako, kama ninavyomsoma katika barua yako, huenda asingekuadhibu kwa hilo.

Hata hivyo ninaomba tulitazame tena neno la prodyuza huyo kwamba anatafuta "sauti kama yako". Wimbo aliousikia uliimbwa na watu wawili. Wewe umekulia kwenye kwaya, kwa hiyo unajua kazi ya sauti ya pili: haisikiki kwa jina lake, lakini ikiondolewa kila mtu anahisi wimbo umepungukiwa. Pale unapovuta pumzi mwishoni mwa mstari, yupo anayeshikilia noti ili wimbo usikatike; pale unapopanda juu, yupo anayebaki chini ili kupanda kwako kuonekane. Ni kweli kwamba studio mwimbaji anaweza kujirekodia sauti zote mwenyewe, na wengi wanafanya hivyo na matokeo yakawa mazuri, lakini sauti moja iliyorudiwa haina mlio ule wa koo mbili tofauti zilizozoeana tangu utotoni. Kwa hiyo kabla hujamjibu, jifungie chumbani, uuimbe wimbo uleule peke yako bila gitaa lake, ujirekodi kwa simu, kisha usikilize. Sisemi utajikuta huwezi. Inawezekana kabisa ukasikia msanii kamili, na inawezekana ukasikia kitu kingine kizuri ambacho sicho alichokisikia yeye. Vyovyote vile utakuwa unajua anachonunua.

Jambo la pili ninalolitilia shaka ni ile ruhusa uliyojipa kutokana na maneno ya mdogo wako. Mama mwenye mtoto mchanga, aliyechoka, anayefunga nyaya usiku baada ya harusi, akisema huku akicheka kwamba wewe nenda tu, anaweza kuwa na maana nyingi. Anaweza kuwa amechoka kweli na muziki na anatafuta mlango wa kutokea kwa heshima. Anaweza kuwa anaogopa kwamba utamwacha, na akatangulia kulisema ili lisimuumize. Anaweza pia kuwa anakuomba, kwa namna ya watu wasiopenda kulalamika, kwamba ratiba ibadilike ili mtoto asilale njiani Tunduma. Wewe umechagua tafsiri moja, ile inayokufaa, na hujamuuliza. Sikulaumu, mtu akiwa na siri huwa anaogopa kuuliza hata maswali ya kawaida, kwa sababu kila swali linaweza kuifichua.

Watu wengi wanaoimba wawili wawili wamepita ulipo wewe. Muziki wa soul wenyewe ulitokana kwa sehemu kubwa na uimbaji wa makanisa ya watu weusi wa Marekani, na Sam Moore na Dave Prater, waliojulikana kama Sam & Dave, walitokea huko kama ninyi mlivyotokea kwaya. Walianza kuimba pamoja Miami mwaka 1961, na kufikia katikati ya muongo ule walikuwa wanavuma kwa rekodi walizofanya Memphis. Jukwaani walikuwa wanapokezana sauti utadhani wanapumua kwa pafu moja. Nje ya jukwaa, kama Moore mwenyewe alivyosimulia baadaye, walikaa miaka mingi bila kusemeshana. Walitengana mwaka 1970, wakarudiana na kuachana tena mara kadhaa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Prater akamtafuta mwimbaji mwingine, naye akiitwa Sam, wakaendelea kuzunguka kwa jina lilelile la zamani huku Moore akilipinga jambo hilo kisheria. Prater alifariki katika ajali ya gari mwaka 1988. Wangeweza kuachana na kila mmoja akaendelea na maisha yake, kwa kuwa wasanii huachana kila siku. Kilichowala ni mambo yaliyobaki bila kusemwa: jina ni la nani, nani anastahili nini, nani alimkosea nani.

Linganisha na wale vijana wawili wa Uingereza waliounda Wham!, George Michael na Andrew Ridgeley, ambao walifahamiana tangu wakiwa wanafunzi. Ilipoonekana wazi kwamba mmoja wao ana njaa kubwa zaidi ya kutunga na kuimba, hawakungoja mpaka wachukiane. Walilitangaza jambo hilo, wakaagana na mashabiki kwa onyesho moja kubwa katika uwanja wa Wembley tarehe 28 Juni 1986, na urafiki ukabaki. Kuna wimbo walioutunga pamoja ambao mwaka 1984 ulitoka nchini kwao kwa jina la George Michael peke yake. Majina yao yote mawili yalibaki kwenye orodha ya watunzi, kwa hiyo asiyeimba aliendelea kupata haki yake ya utunzi. Hilo nakuomba ulikumbuke tutakapofika kwenye nyimbo zako. Na usidhani undugu wa damu unatosha kuwalinda watu: Peter na Paul Okoye wa P-Square wa Nigeria ni mapacha, wakaachana mwaka 2017, wakapatana mwaka 2021, kisha wakatengana tena.

Sasa mali. Nchini kwetu jambo hili linaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hakimiliki ni ya mtunzi, na kazi inalindwa tangu inapotungwa hata kama haijasajiliwa, ingawa kuisajili COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, kunasaidia sana siku ya kutoa ushahidi. Ukiwa umetunga maneno na melodi peke yako, haki hiyo ni yako. Lakini jiulize kwa uaminifu, wimbo kwa wimbo: ule mstari wa gitaa ambao watu wanaanza kushangilia kabla hujafungua mdomo, nani aliutunga? Kiitikio kilipobadilishwa, nani alikibadilisha? Kama mdogo wako alichangia melodi au maneno, huo ni utunzi wa pamoja na huwezi kuubeba kama wako peke yako. Zaidi ya hapo, sheria hiyo inampa mwimbaji na mpigaji ala haki yake juu ya rekodi alizoshiriki hata kama hakutunga neno lolote. Ndiyo maana prodyuza anayekuambia uje na nyimbo zote anakuagiza jambo ambalo pengine huna mamlaka nalo peke yako. Ninyi wawili mnaweza kuketi na daftari, mkaandika kila wimbo na asilimia ya kila mmoja, mkasaini mbele ya shahidi. Vivyo hivyo jina la kundi: BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, inasajili majina ya biashara na alama za huduma, na maadamu hamjalisajili, yeyote kati yenu au mtu baki anaweza kuwahi. Kuhusu vyombo sioni utata. Ng'ombe alikuwa wake. Ukienda au ukibaki, ningefurahi kusikia kwamba umemtajia mwenyewe deni hilo kabla hajakutajia.

Kisha njia zilizo mbele yako, maana umeniandikia kana kwamba ziko mbili tu. Ukienda moja kwa moja na ukaacha kila kitu, unaweza kufanikiwa, na unaweza kujikuta umefungwa na mkataba katika mji ulio zaidi ya kilomita 800 kutoka nyumbani, huku jina ulilolijenga huku likiwa limepoa. Ukibaki kwa ajili ya kumhurumia mdogo wako, bila kumwambia kwamba ulikuwa na nafasi, ninaogopa utaanza kumhesabia kila zoezi alilokosa, na yeye hatajua anadaiwa nini. Hiyo kwangu ndiyo inayotisha kuliko zote, kwa sababu inafanana na wema. Ipo ya katikati: umwambie prodyuza kwamba uko tayari kurekodi wimbo mmoja au miwili mipya uliyoitunga peke yako, bila kuhama na bila kufungwa, halafu mtazamane. Akiwa mtu wa kazi atalifikiria. Akikasirika, nalo ni jibu. Ipo pia ya kuimba nje ya kundi huku kundi likiendelea kwa ratiba ndogo inayomfaa mama anayenyonyesha, labda shoo za mchana za hapa mjini na Uyole tu. Navy Kenzo wa hapa kwetu, Aika na Nahreel, walidumu miaka mingi kama kundi la wawili huku Nahreel akiwatengenezea muziki wasanii wengine, kwa hiyo hata lile neno kwamba wawili hawauziki nisingelipokea kama amri. Ugumu wa njia hii ni kwamba inadai mazungumzo mengi na mahesabu ya wazi, na kuna watu ambao nusu kuachana kunawaumiza zaidi ya kuachana. Mdogo wako anaweza kuwa mmoja wao. Wewe pia.

Juu ya prodyuza mwenyewe simjui na sitamhukumu. Ila huwa napata wasiwasi na mtu anayetaka jibu kabla hajaonyesha karatasi, na wasiwasi unazidi anapoomba usimwambie mtu. Mwombe rasimu ya mkataba, uisome na wakili. Kama fedha ni tatizo, wapo watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizia ofisi za halmashauri. Angalia mkataba ni wa muda gani, nani atamiliki rekodi, na kama utakatazwa kuimba na mtu mwingine, kwa maana hapo hata harusi ya Mwanjelwa na mdogo wako inaweza kuwa kosa. Angalia zaidi ya yote kodi ya chumba na gharama za video. Mara nyingi fedha hizo si zawadi, zinakatwa kwenye mapato yako mpaka ziishe, na msanii anaweza kuvuma mwaka mzima huku bado anadaiwa. Na kama mtu mzima wako, nakusihi usifikie kwenye chumba anachokilipia yeye. Fikia kwa ndugu, uende studio mchana, na mtu wa nyumbani ajue ulipo.

Umeniambia huwezi kumwambia mtu wa nyumbani. Nakuelewa, lakini huyo unayemficha ndiye mtu pekee anayeujua muziki wako kutoka ndani, na pengine ndiye mshauri bora kuliko mimi. Kama utaamua kumwambia, ningependa alisikie kwako kabla ya mama mdogo, maana mama akitangulia kujua litakuwa shauri la ukoo na ninyi wawili mtakosa nafasi ya kulizungumza kama waimbaji. Usimwambie usiku wa shoo wala mbele ya mtoto anayelia. Mwendee nyumbani kwake mchana, na umpe habari kamili: simu ilipigwa lini, umeahidiwa nini, na kwamba unatamani kwenda. Usianze kwa kumwambia kwamba umeshakata shauri kama hujakata, na usimwambie kwamba hutaki kama unataka. Halafu muulize yeye anataka nini na muziki wake, swali ambalo kwa barua yako sijui kama mtu yeyote amemuuliza tangu ajifungue, na umwachie muda wa kunyamaza kabla hajajibu. Anaweza kulia au kukasirika. Anaweza pia kukushangaza kwa kukuambia kwamba alishahisi, au kwamba yeye mwenyewe ana ombi alilolikalia.

Kuhusu tarehe uliyopewa, kupanga chumba na kurekodi albamu si mambo yanayoharibika kwa wiki mbili. Mwandikie prodyuza kwa ujumbe wa maandishi, ili ubaki na nakala, kwamba unashukuru, kwamba una mwenzako wa kuzungumza naye, na kwamba utampa jibu baada ya kuusoma mkataba.

Shangazi, Iringa